Baridi iliyoua chunjua, baridi iliyotunza mbegu: uchambuzi wa kisa cha kijana aliyekataa

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu kijana aliyetakiwa kuamua, ndani ya siku chache, kama mbegu zake za kiume zigandishwe na kuhifadhiwa kabla hajaanza tibakemikali ya saratani. Alikataa, na sababu aliyoitoa kwanza haikuwa dini, fedha wala aibu, ingawa zote tatu zilijitokeza baadaye. Alikataa kwa kuwa alikwisha kutibiwa chunjua kwa naitrojeni ya kimiminika, ile baridi kali inayotumika pia kugandishia mbegu, akaona jinsi ilivyoiua ngozi ya mkono wake, na hakuelewa ni vipi kitu kilichoua ngozi ngumu kingeweza kutunza kitu laini kama mbegu ya mtu.

Jina lake, mji, hospitali zilizohusika, kazi yake na tarehe vimeondolewa, na mambo madogo ya kifamilia yamebadilishwa bila kugusa hoja za kitabibu. Uchambuzi umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, matabibu na washauri nasaha wanaowahudumia wagonjwa wa saratani walio katika umri wa kuzaa, ila mgonjwa au ndugu yake naye anaweza kuusoma bila shida.

## Historia ya mgonjwa

Mgonjwa, ambaye hapa tutamwita K., alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na kitu, aliyekwisha kuposa na kulipa sehemu ya mahari. Alilelewa na baba yake mdogo katika familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, jambo ambalo mwanzoni hakuna aliyeliandika katika faili na ambalo baadaye lilikuja kuwa na uzito wake.

Takribani miaka miwili kabla ya hapo alihudhuria kliniki ya ngozi kwa ajili ya chunjua moja kubwa mgongoni mwa kiganja cha kulia na nyingine kadhaa kwenye unyayo. Chunjua husababishwa na virusi vya papiloma, HPV, vinavyoingia kupitia mchubuko mdogo na kuifanya ngozi ya juu iote kupita kiasi. Kila chunjua ilipuliziwa naitrojeni kwa sekunde kadhaa hadi ikageuka nyeupe pamoja na pindo jembamba la ngozi inayoizunguka, na zoezi likarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi tatu. Ile ya mkono ilifura lengelenge lenye damu, ikakauka, ikadondoka, na mahali pake pakabaki baka jeupe ambalo lilikuwa bado linaonekana alipofika kwetu. Zile za unyayo zilimuuma hadi akachechemea, kisha zikabaki palepale. Baada ya kupuliziwa mara ya tatu aliacha kwenda kliniki.

Ugonjwa wa pili ulianza kwa uvimbe shingoni, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito. Kama inavyotokea mara nyingi katika ukanda wetu, alianzishiwa kwanza dawa za kifua kikuu cha tezi, kwa kuwa dalili zinafanana na kifua kikuu ndicho kinachotangulia kufikiriwa. Uvimbe haukupungua. Kinyama kilipochukuliwa shingoni na kupelekwa maabara, majibu yalionyesha saratani ya tezi za limfu aina ya Hodgkin, ambayo kwa bahati ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri kwa dawa, hasa kwa vijana. Bahati hiyo ndiyo inayolipa suala la uzazi uzito wake, kwani mgonjwa anayetarajiwa kupona ana maisha marefu mbele yake, na huenda siku moja akataka kuitwa baba.

## Mfuatano wa matukio

Daktari bingwa wa saratani alipanga mchanganyiko wa dawa nne unaofahamika kwa kifupi kama ABVD: doksorubisini, bleomisini, vinblastini na dakabazini. Dripu ya kwanza ilipangwa wiki iliyofuata. Katika maelezo yaliyogusa kunyonyoka nywele, kutapika, maambukizi na mapafu, uzazi ulitajwa kwa sentensi moja, mbele ya ndugu wawili na mgonjwa mwingine aliyekuwa akisubiri zamu: dawa zinaweza kuathiri mbegu, na mjini kuna kliniki binafsi inayoweza kuzigandisha. K. alisema hapana. Katika faili likaandikwa neno moja, "amekataa", na neno hilo ndilo lililokuwa kumbukumbu yote ya mazungumzo hayo.

Siku iliyofuata K. alirudi kutolewa damu ya vipimo. Muuguzi mshauri, aliyekuwa amelisoma lile neno, hakumuuliza kwa nini amekataa. Alimuuliza anafahamu nini kuhusu kugandisha. Kijana akanyoosha mkono wa kulia juu ya meza.

"Sista, baridi yenu naijua. Tazama ilichonifanya hapa, na hii ni ngozi ya mkono. Mbegu itapona wapi?"

Ni swali zuri kuliko wengi wetu tulivyotarajia, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu ni jibu lake. Muuguzi alimpa jibu fupi papo hapo, akamwomba ruhusa ya kuzungumza tena kesho yake, safari hiyo kwenye chumba chenye mlango unaofungwa, pamoja na ndugu mmoja atakayemchagua mwenyewe. K. akamchagua baba yake mdogo.

Kabla ya kikao hicho timu ilibishana. Muuguzi alipendekeza kutumia mfano wa uhimilishaji wa ng'ombe, yaani kumpandikiza ng'ombe mbegu za dume kwa mrija, kwa kuwa familia ni ya wafugaji na mirija ya mbegu za madume husafirishwa vijijini katika mitungi ya naitrojeni hiyohiyo. Daktari mmoja alipinga akisema kumlinganisha mgonjwa na dume la ng'ombe ni kumvunjia heshima, na hoja yake ilikuwa na mashiko. Iliamuliwa kwamba mfano huo usitajwe na mhudumu yeyote. Haukuhitajika kutajwa. Kikao kilipoanza tu, na neno naitrojeni liliposikika, baba mdogo alimgeukia mwanawe: "Kwani yule mtamba wetu mweusi si wa mrija? Na maji ya uvuguvugu ya kuuyeyushia nani alileta, si wewe?"

Kutoka hapo mazungumzo yalibadilika. K. alikubali kimsingi, kisha maswali mengine matatu yakatoka moja baada ya jingine: atatoaje shahawa ilhali hajaoa, nani atalipa, na itakuwaje mbegu zake zikichanganywa na za mtu mwingine au zikatumiwa akiwa amekufa.

## Hatari iko njiani

Naitrojeni ya kimiminika huchemka kwenye nyuzi −196 za Selsiasi, na ni hiyohiyo inayotumika kliniki ya ngozi na kliniki ya uzazi. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba tofauti ya matokeo inatokana na ukali wa baridi ataikosa tofauti yenyewe. Seli iliyokwisha kufika −196 iko salama kwa namna ya ajabu: hakuna maji yaliyobaki katika hali ya umajimaji, na bila maji hayo kemia ya uhai inasimama, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Mwaka 2004 wataalamu wa Manchester waliripoti kuzaliwa kwa mtoto kutokana na mbegu zilizokuwa zimehifadhiwa kwa miaka 21, za mwanamume aliyezigandisha kabla ya kutibiwa saratani ya korodani. Kinachoua ni safari ya kwenda chini na ya kurudi juu, hasa eneo la katikati, takribani kati ya −15 na −60, ambako maji yanaganda huku chumvi iliyobaki nje ya barafu ikizidi kukolea. Seli ikipita hapo polepole mno hunyonywa maji na kuungua kwa chumvi. Ikipita kwa kasi isiyofaa, maji huganda ndani yake na fuwele za barafu huchana tando zake. Peter Mazur, mwanasayansi wa Marekani, aliieleza hatari hii yenye sura mbili katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ya 1970, na maelezo yake bado ndiyo msingi wa fani.

Sasa tuitazame ile chunjua. Naitrojeni inapopuliziwa juu ya ngozi, ngozi yenyewe haifiki −196, kwa kuwa damu inayopita chini yake inaipasha joto muda wote. Kwa chunjua hutosha ndani ya ngozi kushuka hadi nyuzi ishirini na kitu chini ya sifuri, yaani ndani ya lile eneo la mauti, na kuachwa humo bila kinga yoyote. Kisha huachwa iyeyuke yenyewe, polepole, jambo linaloziruhusu fuwele ndogo ziungane na kuwa kubwa. Ndiyo maana kuyeyuka taratibu huua zaidi, na kurudia mzunguko huongeza madhara. Mishipa midogo ya damu huziba, ngozi ya juu huachana na ya chini, lengelenge hujaa. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi ndizo dhaifu kuliko zote, kwani hufa kwenye −4 hadi −7 tu, wakati seli za kawaida za ngozi ya juu hustahimili hadi nyuzi ishirini au thelathini chini ya sifuri. Kwa mtu mweusi, hesabu hiyo inaandikwa mwilini. Baka la K. halikuwa ajali wala uzembe wa aliyepuliza. Lilikuwa tokeo linalotabirika la kipimo kinachotosha kuua chunjua, na ambalo ilifaa aelezwe kabla.

Mbegu za kiume hupitishwa njia nyingine kabisa. Shahawa huchanganywa taratibu na kinga yenye gliseroli, ambayo huingia ndani ya seli, hupunguza maji yanayoweza kuwa barafu na kuizuia chumvi isikolee kupita kiasi. Mbegu yenyewe ina maji machache ndani yake, na hiyo ni neema. Vichupa au mirija huning'inizwa kwanza katika mvuke wa naitrojeni ili ishuke kwa mwendo uliopimwa, ndipo izamishwe. Siku ya kutumika hutolewa na kuyeyushwa haraka katika joto linalokaribia la mwili, ili lile eneo la hatari livukwe kwa sekunde. Yale maji ya uvuguvugu ambayo K. alimletea mhimilishaji, ambamo mrija hukaa kwa nusu dakika hivi, yalikuwa ni somo hilohilo. Aliwahi kulitenda kwa mikono yake bila kuambiwa maana yake.

Inafaa kukumbuka kwamba kazi hizi mbili za naitrojeni zilipata sura yake ya leo karibu kwa pamoja. Mwaka 1949 Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes, wakiwa Mill Hill, London, waligundua kinga ya gliseroli wakifanyia kazi mbegu za jogoo, na waliigundua kwa msaada wa chupa iliyodhaniwa kuwa na mmumunyo wa sukari kumbe ndani yake mlikuwa na gliseroli. Mwaka 1950 Allington, daktari wa ngozi wa California, aliandika kuhusu kutibu magonjwa ya ngozi kwa naitrojeni ya kimiminika iliyochovywa kwa kijiti cha pamba. Mwaka 1953 watafiti Raymond Bunge na Jerome Sherman wa Iowa, Marekani, waliripoti mimba za kwanza za binadamu zilizotokana na mbegu zilizogandishwa. Uhimilishaji wa ng'ombe uliendelea sambamba, na ndio uliozileta naitrojeni na mirija katika maboma ya wafugaji wetu kupitia vituo kama cha Usa River karibu na Arusha na cha Kabete karibu na Nairobi, miaka mingi kabla hospitali nyingi za ukanda huu hazijaufikiria mtungi huo.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kama tiba inaweza kusubiri. Picha ya kifua haikuonyesha uvimbe unaobana njia ya hewa wala mishipa mikubwa, na hali ya jumla ya mgonjwa ilikuwa tulivu, hivyo daktari wa saratani aliona kuchelewa siku nne hakungemdhuru. Kama angekuwa anapumua kwa shida, jibu lingekuwa tofauti, na mbegu zingeachwa.

Je, kugandisha kulikuwa lazima kweli? ABVD si kali sana kwa korodani. Mbegu hupungua au hutoweka wakati wa tiba, na kwa wagonjwa wengi hurejea baada ya mwaka mmoja au miwili. Daktari mmoja alisema wazi kuwa kumbebesha familia gharama kwa hatari ndogo kiasi hicho si haki. Hoja iliyoshinda ilikuwa hii: kama ugonjwa ungekataa kusikia ABVD, hatua inayofuata ingekuwa dawa kali zaidi zenye kuharibu uzazi kwa kudumu mara nyingi, na wakati huo mbegu zilizomo mwilini zingekuwa zimekwisha kuguswa na tiba ya awali, hazifai kuhifadhiwa. Nafasi safi ni moja tu, nayo iko kabla ya dripu ya kwanza. Kwa maoni yangu hoja hii ndiyo inayopaswa kuelezwa mgonjwa wa Hodgkin, kuliko ile kauli ya jumla kwamba dawa "zinaweza kuathiri uzazi", ambayo kwa ABVD peke yake inatisha kupita ukweli.

Sampuli zilipangwa kuwa mbili, zikitenganishwa kwa siku mbili. Kuhusu utoaji, K. alimpigia sheikh anayemwamini, akajibiwa kwamba haja ya matibabu ina hukumu yake, na kwamba mbegu zitumike kwa mkewe tu wakiwa ndani ya ndoa. Chumba cha kliniki hakumudu kukitumia siku ya kwanza. Kilipakana ukuta na mapokezi na sauti zote zilipenya. Sampuli ya kwanza ilitolewa nyumbani kwa jamaa aliye karibu, ikabebwa ndani ya nguo karibu na mwili ili isipoe, na kufikishwa ndani ya saa moja. Ya pili aliitoa klinikini, baada ya muuguzi kuomba apangiwe saa ambayo hakuna foleni.

Kabla ya kugandisha alipimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya B na C, na kaswende. Sababu si usumbufu wa kiofisi. Mwaka 1995 iliripotiwa Uingereza kwamba homa ya ini ya B ilienea kati ya wagonjwa kupitia tangi la naitrojeni ambamo seli zao zilihifadhiwa pamoja, na tangu hapo vyombo vilivyofungwa kabisa, kuhifadhi katika mvuke badala ya ndani ya kimiminika, na kuwatenga wenye maambukizi vimekuwa desturi ya kliniki makini.

Sampuli ziligawanywa katika vichupa vidogo vingi, ili kila jaribio la baadaye liyeyushe sehemu tu, na vikawekwa katika matangi mawili tofauti. Ombi la matangi mawili lilitoka kwa timu yetu. Kliniki haikuwa imelipendekeza. Tangi la naitrojeni halitegemei umeme, umeme ukikatika halijali, lakini linapungua kila siku kwa mvuke na lazima lijazwe. Mwanzoni mwa Machi 2018, matangi ya vituo viwili visivyohusiana nchini Marekani, kimoja San Francisco na kingine eneo la Cleveland, yaliharibika siku zinazokaribiana, na maelfu ya mayai na viinitete yakapotea au kutiliwa shaka. Kama hilo lilitokea huko, kugawanya vichupa hapa si wasiwasi uliopitiliza.

Fomu ya ridhaa ilichukua muda mrefu kuliko yote. K. aliandika kwamba akifa mbegu ziteketezwe, na kwamba wazazi wala ndugu hawana mamlaka juu yake. Baba mdogo, aliyekuwa analipa ada ya mwaka wa kwanza, alinyamaza aliposikia hivyo, kisha akasema, "Ni zake. Mimi nimelipa mtungi tu."

## Matokeo

Sampuli ya kwanza ilikuwa na mbegu milioni 9 kwa mililita, chini ya kiwango cha chini cha milioni 16 kilichomo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021. Ya pili ilikuwa bora kidogo. Hali hiyo ni ya kawaida kwa wenye Hodgkin, kwani ugonjwa wenyewe pamoja na homa zake hushusha ubora wa shahawa kabla ya dawa yoyote. Kichupa cha majaribio kilipoyeyushwa, karibu nusu ya mbegu zilizokuwa zikitembea hazikutembea tena. Kiasi kilichobaki hakitoshi kwa kupandikiza mbegu kwenye mji wa mimba. Kinatosha kwa njia ya kudunga mbegu moja ndani ya yai maabara, iliyoripotiwa kwa mara ya kwanza kutoka Brussels mwaka 1992 na ambayo imewafaa wengi ambao zamani wangeambiwa warudi nyumbani.

Tibakemikali ilianza siku nne baada ya tarehe ya awali na ikaenda vizuri. Katikati ya tiba chunjua za unyayo ziliongezeka. Mgonjwa alidhani saratani imehamia mguuni. Haikuwa hivyo, kinga ya mwili ilikuwa imeshuka na virusi vikapata mwanya. Daktari wa ngozi alikataa kuzigandisha, kwa kuwa lengelenge lililopasuka kwa mtu mwenye chembe nyeupe chache za damu ni mlango wa maambukizi, akashauri zisuguliwe kwa uangalifu na kusubiri. Miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho nyingi zilikwisha zenyewe.

K. alishauriwa asitafute mtoto wakati wa tiba na kwa mwaka mmoja baada yake. Alioa katika kipindi hicho. Kipimo cha shahawa baada ya hapo kilionyesha mbegu zinarejea. Vichupa bado vipo, havijaguswa, na ada inaendelea kulipwa.

## Uchambuzi

Lililofaulu zaidi ni swali la muuguzi. Angeuliza "kwa nini unakataa" angepata jibu la kujitetea. Alipouliza mgonjwa anajua nini, alipata ushahidi. K. hakuwa mjinga wala mshirikina. Alikuwa ameona jambo halisi, akalihitimisha kwa mantiki sahihi kutokana na yale aliyokuwa nayo. Kumwambia "usiogope, ni salama" kungekuwa kumwambia asiamini mkono wake mwenyewe. Alichohitaji ni kipande cha maarifa kilichokosekana: kinga, mwendo wa kugandisha, na mwendo wa kuyeyusha.

Mfano wa ng'ombe ulifungua mlango kwa sababu ulitoka kwa mzazi, na nadhani daktari aliyeuzuia usitoke kwetu alikuwa sahihi. Hata hivyo ulikuja na kasoro yake. Baba mdogo aliondoka akiamini kwamba mrija mmoja ni ndama mmoja. Madume ya vituo vya uhimilishaji huchaguliwa, na yale ambayo mbegu zake hazistahimili kugandishwa huondolewa kundini. Binadamu huja kama alivyo, tena akiwa mgonjwa, na hakuna wa kumbadilisha. Upotoshaji huo ulisahihishwa tu siku ya majibu ya kichupa cha majaribio, ilhali ungeweza kusahihishwa palepale kikaoni. Wiki nzima familia iliishi na tumaini lililozidi kipimo.

Lililoshindwa waziwazi ni mazungumzo ya kwanza. Suala la mbegu mbele ya watu baki, kwa sentensi moja, katikati ya orodha ya madhara, haliwezi kupata jibu la kweli kutoka kwa kijana wa kwetu. "Amekataa" iliandikwa kana kwamba uamuzi umefanyika. Kama K. asingepaswa kurudi kutolewa damu, faili lingebaki hivyo. Kwa mwanamke kosa lilelile lingegharimu zaidi: yai ni seli kubwa iliyojaa maji, hugandishwa kwa kasi mno hadi likawa kama kioo ili fuwele zisipate nafasi, na kabla ya hapo huhitaji sindano za homoni kwa takribani wiki mbili. Siku nne zisingetosha.

Kliniki ya ngozi nayo inahusika, ingawa kwa mbali. Kugandisha chunjua ya mkono kulikuwa na msingi: katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010, chunjua za kawaida zilipona kwa asilimia 49 ya waliogandishwa baada ya wiki 13, dhidi ya asilimia 15 kwa waliopaka asidi ya salisiliki na 8 kwa waliosubiri tu. Kwa unyayo hakukuwa na tofauti ya maana, na utafiti wa Uingereza wa mwaka 2011 kwa watu 240 ulipata asilimia 14 kwa njia zote mbili baada ya wiki 12. Kwa maneno mengine, K. alichechemea kwa tiba ambayo dawa ya kupaka ya bei nafuu ingelingana nayo, na hakuonywa kuhusu rangi ya ngozi. Maumivu hayo na baka hilo ndivyo alivyovileta kwetu miaka miwili baadaye. Iwapo ugonjwa wa Hodgkin ulikuwa umeanza kuidhoofisha kinga yake tangu wakati wa zile chunjua sugu za unyayo, kisa kimoja hakiwezi kuthibitisha, na chunjua sugu kwa kijana mara nyingi mno ni chunjua tu.

Jambo moja halijakaa sawa hadi sasa. Ada ya mwaka wa pili ilipofika, kliniki ilimtafuta K. kwa namba ya simu aliyokwisha kuiacha, na mkataba unaruhusu vichupa kuteketezwa kama mteja hapatikani kwa muda uliowekwa. Alipatikana kwa sababu baba mdogo aliona ujumbe wa malipo katika simu yake. Tangu hapo timu yetu inaandika namba tatu katika faili la hospitali, moja ikiwa ya mtu asiyeishi na mgonjwa, na katika kila ziara ya ufuatiliaji tunauliza kama bado zinapatikana. Kliniki tumeiomba iongeze kifungu cha kutupa taarifa kabla ya kuteketeza chochote. Bado haijajibu.